Siku Shangazi Mwanne Alipowika

Katika nyumba ya Mwanaima, pale Nandagala, kulikuwa na mtu mmoja aliyeamini kwamba alizaliwa kutawala, naye ni Kaimu. Umri wake ulikuwa miaka kumi na minne, kaptula yake ya kaki, na Kiingereza chake kilitosha kumwamuru ng'ombe akae chini. Alikuwa amekuja likizo kutoka shule ya bweni huko Lindi, na tangu ashuke kwenye lori la mizigo hakuwa ameinua kitu kizito kuliko tonge la ugali.

Kwa hiyo msomaji mwenye huruma apime mwenyewe ukubwa wa dharau aliyofanyiwa asubuhi ile. Mama yake, huyo Mwanaima, alikuwa amefunga mzigo wa kwenda Nambilanje, kwa sababu bibi, mzaa mama, alikuwa ameteleza njia ya kisimani akavunjika nyonga. Baba alikuwa Nachingwea akiendesha trekta kwenye yale mashamba ya karanga ya Wazungu, na ruhusa hakupata. Watoto ilibidi wabaki peke yao. Kaimu alisimama mlangoni, mikono nyuma, kifua mbele, tayari kupokea madaraka.

"Mwanaheri," mama akasema, "nyumba nakuachia wewe."

Kaimu aligeuka kutazama kama kuna Mwanaheri mwingine aliyeingia.

"Na mimi je, mama?"

"Wewe utakuwa mdogo wa dada yako."

"Lakini mimi ni mwanamume. Nimesoma."

"Wewe nimekuzaa mimi," mama akasema akijitwika mzigo. "Nakujua."

Mwanaheri alikuwa na miaka kumi na sita, na watu walikuwa wamechoka kumtafutia neno, wakabaki kusema tu kwamba ana mambo yake. Alizungumza nawe akitazama bega lako. Ukimgusa bila kumwambia, aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Ngoma ikipigwa mahali, aliziba masikio akaondoka, akatembea mpaka asiisikie tena. Aliweza kushinda akipepeta ufuta, aone tu punje zinavyodondoka, na aliyepita mbele yake akakata ule mdondoko alijuta. Uongo hakuuweza, hata ule mdogo wa adabu. Jirani akifika saa ya chakula akasema amepita tu, Mwanaheri alimjibu, "Jana pia ulipita tu, ukala." Lakini ukimwambia jambo lifanyike hivi, lilifanyika hivi, leo na kesho na siku zote, wala hukuwa na haja ya kulirudia.

Mama alilijua hilo, na safari hii ndilo alilolihitaji. Shaibu, mtoto aliyemfuata Kaimu, alikuwa kumbini huko porini pamoja na wenzake wa jando. Na nyumba yenye mtoto kumbini ina miiko yake. Chumvi haiingii mdomoni mwa mtu wa nyumba hiyo. Moto wa jikoni hauzimiki wala haugawiwi jirani. Ugomvi haupandi. Mmoja akivunja, kidonda cha mtoto kule hakifungi. Hayo kila mtu Nandagala aliyaamini, na Kaimu naye aliyaamini, pamoja na sayansi yake yote.

"Shangazi yenu atawapitia," mama akaongeza, na sauti yake ikapungua.

Shangazi Mwanne, dada yake baba, alikaa Matambarale, na habari za Mwanaheri kuachiwa nyumba zilikuwa zimemkera vibaya. Alikuwa amemwambia mama waziwazi, mbele ya watoto: "Unamwachia nyumba mtu asiyeweza hata kumtazama mgeni usoni? Basi nitapita. Nikikuta mambo si mambo nawabeba wote, na huyo Mwanaheri ndiyo moja kwa moja, abaki kwangu azoeshwe watu."

Kwa shangazi kulikuwa na watoto, wakwe, wajukuu na wapita njia, na mumewe alikuwa mpiga ngoma aliyefanyia mazoezi uani. Mara ya mwisho Mwanaheri alipopelekwa kule aliingia ndani ya kihenge cha mtama, akakaa humo hasemi na mtu, mpaka baba alipokwenda kumtoa.

"Sitaki kwenda kule," alimwambia mama.

"Basi shika nyumba."

"Nimeishika," akasema Mwanaheri, akitazama bega la mama yake.

Na aliishika kweli. Wadogo wawili, Fatu wa miaka saba na Hasani wa miaka minne, walioga, wakala na wakalala kwa mpango usiobadilika, na jambo la kushangaza ni kwamba waliupenda. Hasani, ambaye kwa mama alilia kabla ya kila kitu, sasa hakulia, kwa sababu alijua kila kitu kitakuja kwa zamu yake. Moto uliwaka. Mboga ilikuwa kisamvu kisicho na chumvi, leo na kesho kisamvu kisicho na chumvi.

Aliyeteseka alikuwa mmoja tu. Kila asubuhi Mwanaheri alisimama mbele ya mkeka wa yule msomi akasema neno moja, "Maji," kisha akabaki pale pale, bila kelele wala hasira, mpaka msomi aamke, abebe ndoo na ashuke nayo kisimani, huku wasichana wa Nandagala wakimwuliza kama shuleni ndiko alikojifunza kumwaga nusu njiani.

Jambo hilo halikuweza kuendelea. Kaimu alitafakari, na alasiri moja akaenda, na uso wa msiba, kuketi karibu na dada yake aliyekuwa akipepeta ufuta.

"Dada, kuna miiko mingine ambayo mama hakukuambia."

"Mama aliniambia yote."

"Yote ya wanawake. Ile ya ndani mama aijulie wapi? Mimi nimepita kumbini. Nimenyamaza muda wote huu, lakini moyo unanisuta. Namwonea huruma mdogo wetu."

Ungo ulisimama. Kumbini wanawake hawafiki, na yanayosemwa huko hawaambiwi.

"Niambie."

"Wa kwanza," Kaimu akasema taratibu, kama mtu anayetoa siri kwa maumivu, "mwanamume aliyepita kumbini hachoti maji wala habebi kuni wakati mdogo wake yuko ndani."

"Sawa. Nitachota mimi na Fatu."

Mtu mwenye kiasi angeishia hapo, akaenda kulala. Lakini Kaimu alikuwa na kipaji, na kipaji kinawasha kama upele.

"Wa pili. Kila anayeingia uani kwetu aingie kinyumenyume, ili mabaya yaliyomfuata njiani yasijue anaelekea wapi."

Sababu hiyo aliizua papo hapo, na ilimpendeza mwenyewe mpaka akapata mori.

"Wa tatu. Jina la utotoni la aliye kumbini halitajwi, maana akitoka atapewa jipya. Akilitaja mtu, hapohapo awike kama jogoo, ili jina lile liruke lisimrudie."

Mwanaheri aliyapokea haya kama fundi anavyopokea mbao, akayageuza huku na huku akitafuta mwanya.

"Hata mgeni?"

"Hata mgeni."

"Hata mzee?"

"Hata Liwali mwenyewe."

"Hata wewe ukitoka chooni?"

Choo kilikuwa nje ya ua. Kaimu alisita. Kusema hapana kungebomoa jengo lote.

"Hata mimi," akajibu kwa uchungu.

"Na kuwika, ni kuwika kidogo au mpaka isikike?"

"Mpaka isikike, dada. Kuwika kusikosikika kuna faida gani?"

"Sawa," akasema Mwanaheri, na ungo ukaanza tena.

Kaimu alienda nyuma ya ghala akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hayo ndiyo yalikuwa machozi yake ya mwisho ya furaha kwa muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata alitoka chooni mbiombio, maana uji ulikuwa ukinukia, akamkuta Mwanaheri amesimama kwenye mwanya wa ua.

"Rudi. Ingia kinyumenyume."

"Dada, uji unapoa."

"Rudi."

Alirudi. Na kila alipokwenda, alirudi vivyo hivyo. Fatu na Hasani, ambao chumvi waliililia, miiko hii mipya waliipenda kuliko sikukuu. Hasani alitaja jina la Shaibu kutwa nzima kwa makusudi, apate kuwika, hata jogoo wa nyumba akahamia kwa jirani. Mzee Benedikto, fundi baiskeli, alikuja kuomba kaa la moto. Aliingizwa kinyumenyume pamoja na baiskeli yake, kisha akaelezwa kwamba moto haugawiwi, akatoka mikono mitupu, na bado akaaga kwa heshima. Mambo ya kumbi hata yeye, mtu wa misheni, hakutaka kuyachezea.

Ndipo Kaimu alipoanza kuona kwamba mzaha wake umepata miguu, na unakwenda usikotumwa. Alimwendea dada yake.

"Dada, ule wa pili nadhani nimeukosea. Nimekumbuka sasa. Hauko."

"Ameufuta nani? Ngariba?"

"Hapana. Mimi."

"Wewe si ngariba," akasema Mwanaheri, na mjadala ukafungwa.

Mambo yakiwa katika hali hiyo, Shangazi Mwanne akatokea.

Alikuja na mwavuli mweusi, kapu kichwani na khanga tatu mwilini, mwanamke mpana, mwenye sauti iliyofika kabla yake.

"Hodi humu! Hodi, nasema! Mko hai?"

"Karibu, shangazi. Shikamoo," akasema Mwanaheri kutoka kwenye mwanya. "Geuka."

"Marahaba. Nigeuke nini?"

"Geuka uingie kwa mgongo. Ni mwiko wa kumbi."

Neno kumbi lilimkata shangazi maneno. Wanawe mwenyewe walikuwa wamepita huko, na kila mmoja alitoka na masharti ambayo mama hana ruhusa ya kuyauliza. Akageuka. Bahati mbaya mwanya ule ulitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokuja kwa mbele, na shangazi, kwa upande ule mwingine, alikuwa mtu wa nafasi kubwa. Aliingia hivyo hivyo, akiondoka na mabua kadhaa ya ua.

Nyuma ya ghala, Kaimu alijitia ukosi wa shati mdomoni.

"Haya," shangazi akasema akihema, akajifuta jasho. "Na habari za Shaibu je, mnazipata?"

Hasani akapiga makofi.

"Ametaja! Ametaja!"

"Umetaja jina lake, shangazi," akasema Mwanaheri. "Sasa uwike."

"Nifanye nini?"

"Uwike kama jogoo."

"Mimi? Mke wa mtu? Mwenye wajukuu?"

"Ni kwa ajili ya kidonda," akasema Mwanaheri, akitazama bega la shangazi kwa utulivu mkubwa.

Shangazi alitazama juu, akatazama chini, akatazama njia kama kuna mtu. Halafu akatoa kisauti chembamba, kama kifaranga kilichokanyagwa.

"Haikusikika," Mwanaheri akasema.

Basi Shangazi Mwanne binti Saidi wa Matambarale akavuta pumzi, akafumba macho, akawika. Kwa jirani, jogoo aliyehama alimjibu. Fatu alianguka chini kwa kicheko, na Kaimu akameza kipande cha ukosi.

Baada ya hapo shangazi hakuwa tena mgeni wa kawaida. Alikuwa mtu aliyewika, na anataka lipizo. Alikagua nyumba. Alifunua vyungu, vilikuwa safi. Alipekua vichwa vya watoto, havikuwa na chawa. Alichungulia jikoni, moto ulikuwa hai na kuni zimepangwa, nene na nene, nyembamba na nyembamba. Kila alipokosa kasoro, uso wake ulizidi kuharibika.

"Na watoto mbona wamekonda?" alisema mwishowe, kwa kuwa hilo ni jambo linaloweza kusemwa juu ya mtoto yeyote.

"Hawakukonda," akasema Mwanaheri.

"Wamekonda! Wanakula nini? Kisamvu kitupu? Njooni wanangu, shangazi yenu hakuja mikono mitupu."

Akafunua kapu. Kaimu alikuwa bado nyuma ya ghala, lakini pua yake ilitangulia, na mwili ukaifuata. Alikuwa papa, papa mkavu wa Lindi, mwekundu, mwenye harufu ya kumwamsha mtu aliyezirai. Baada ya kisamvu kile chote, Kaimu alianza kuhesabu vipande.

Shangazi alinyofoa kipande akamtia Fatu mdomoni.

"Mteme," akasema Mwanaheri.

"Mteme nani?" shangazi akageuka.

"Samaki huyu ana chumvi. Fatu, mteme."

"Chumvi ni chumvi, na samaki ni samaki! Ni nani aliyekuambia papa ni chumvi?"

Fatu alibaki kinywa wazi, hajui amtii nani. Na hapa, ni aibu kusema, Kaimu aliitumia elimu yake yote kwa ajili ya tumbo lake.

"Kwa kweli, dada," akasema, akikohoa kama mwalimu, "papa ameishi baharini tangu kuzaliwa. Chumvi yake ni ya kwake. Hakutiwa na mtu."

"Mama alisema chumvi isiingie mdomoni. Hakusema ni ya nani."

Mwanaheri, ambaye kugusa watu hakupenda, alitia kidole mdomoni mwa Fatu akatoa kile kipande. Akamsukutua kwa maji, mara moja, na tena. Kisha akachukua kapu, akaenda nalo mpaka kwenye mwanya wa ua, akamtupa papa njiani. Mbwa wa Mzee Benedikto, ambaye naye alikuwa na njaa na hakuwa na ndugu kumbini, aliondoka naye.

Kilio alichotoa shangazi hakikuhitaji kurudiwa ili kisikike.

"Papa wangu! Nimembeba kutoka Matambarale! Basi imetosha! Nimeingizwa nyumba ya kaka yangu kwa makalio, nimewikishwa, na sasa zawadi yangu kapewa mbwa! Huyu mtoto si wa kuachiwa nyumba, si wa kuachiwa hata kuku! Fatu, leta nguo zako. Hasani, njoo hapa. Tunaondoka wote, na wewe Mwanaheri utangulie mbele nikuone!"

Akatandika khanga, akaanza kutupia humo nguo za watoto. Hasani alianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke. Mwanaheri hakubisha wala hakukimbia. Alisimama karibu na jiko, akaziba masikio kwa viganja, akaanza kujitikisa mbele na nyuma, taratibu, akirudia kwa sauti ndogo, "Nimeishika nyumba. Nimeishika nyumba."

Kaimu aliyasikia maneno yale, na kwa mara ya kwanza tangu aanze likizo hakuona kitu cha kuchekesha mahali popote.

Ndipo mtu akabisha hodi. Alikuwa Saadi, kungwi wa Shaibu, aliyepita kila alasiri kuchukua chakula cha kumbini. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu chache na maneno machache kuliko ndevu. Siku zote alipokea chakula akiwa njiani, nje ya ua, kwa hiyo hili la kuingia kinyumenyume hakuwahi kukutana nalo. Leo, kwa sababu ya kelele, alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mwanya wa ua.

"Geuka!" Fatu na Hasani wakapaza sauti pamoja, Hasani katikati ya kilio.

"Nigeuke?"

"Mwanangu Saadi, afadhali umekuja!" Shangazi alimdaka. "Wewe ndiye mtu wa kumbi. Niamulie. Huyu binti ananiambia papa ni mwiko. Ni kweli au ananichezea?"

"Papa ana chumvi?" Saadi akauliza.

"Kidogo."

"Wamekula?" Uso wake ulibadilika.

"Fatu alitiwa mdomoni," Mwanaheri akajibu, viganja bado masikioni. "Hakumeza. Nimemtoa kwa kidole na kumsukutua. Samaki yuko kwa mbwa. Mimi sikula. Hasani hakula. Kaimu alitaka, hakupata."

Saadi alishusha pumzi ndefu.

"Mama," akamwambia shangazi, "ungekuwa umetufanyia jambo baya leo. Kijana wetu ndiyo kwanza kidonda kinataka kufunga."

Khanga ilimponyoka shangazi mkononi. Alikuwa na mapenzi, shangazi yule, hakuna wa kumnyima hilo, na aliyempenda kuliko wote alikuwa Shaibu. Akakaa chini juu ya nguo za watoto.

"Mimi nilisema samaki ni samaki," akanong'ona. Lakini hakuwa mtu wa kukaa chini kwa muda mrefu. "Sawa, hilo nimekosa. Na haya mengine? Kuingia kwa mgongo, na kuwika? Mbona wanangu walipokuwa kumbini sikuambiwa niwike? Nataka kujua, Saadi. Kama huyu binti anajitungia mwenyewe, basi kichwa chake hakiko sawa. Na kama kadanganywa na vitoto, basi ni mtu wa kuchezewa. Vyovyote vile nyumba hawezi, nami nawachukua."

Saadi alimtazama Mwanaheri, kisha polepole akamtazama Kaimu. Alimtazama kama mtu anayeona nyoka aliyemjua tangu akiwa yai. Ndiye aliyekuwa kungwi wa Kaimu pia.

"Nani kaileta miiko hii?"

Kaimu aliyapima mambo kwa haraka ambayo mwalimu wake wa hesabu hangeiamini. Akisema ni Mwanaheri, dada yake anaitwa mwendawazimu na kupelekwa kwenye ngoma. Akisema amemdanganya, dada anaitwa mtu wa kuchezewa, na kupelekwa kwenye ngoma. Hakukuwa na mlango ila mmoja, nao ulikuwa mwembamba kuliko ule wa shangazi.

"Nilimwambia mimi," akasema, akasimama wima. "Na mimi nimepita kumbini. Kama nikiulizwa mbele ya wanawake kwa nini iko hivyo, sina ruhusa ya kueleza."

Ndevu za Saadi zilitikisika kidogo, ingawa upepo haukuwapo. Aligeuka akatazama njia kwa muda, mabega yakimpanda na kushuka, na alipowarudia uso wake ulikuwa mkavu kama wa hakimu.

"Kasema vema," akatamka. "Mambo ya kumbi hayaelezwi. Ila kijana huyu kwa usahaulifu wake kaacha mmoja, nao ndio mkubwa."

"Upi?" Kaimu na Mwanaheri wakauliza kwa pamoja.

"Kaka wa aliye kumbini ndiye anayetwanga mtama wa nyumba. Wote. Na hatwangi ndani. Anatwangia barazani, usoni mwa njia, watu wamwone, mpaka siku vijana watoke."

Kutwanga! Kinu na mchi, kama binti wa watu, mbele ya njia ya kisimani! Mdomo wa Kaimu ulifunguka wenyewe, na neno "uongo" likafika kwenye ncha ya ulimi likasimama pale likingoja ruhusa.

Shangazi alikuwa akimtazama. Chini yake kona ya gauni la Mwanaheri ilitokeza kwenye lile fungu la nguo.

"Kweli," Kaimu akasema. "Nilisahau."

"Hata siku ya Ijumaa?" Mwanaheri akauliza, na viganja vyake vikashuka kutoka masikioni.

"Hata Ijumaa," Saadi akajibu kwa upole. "Asubuhi, kabla ya sala."

"Sawa."

Shangazi Mwanne aliinuka, akafungua lile fungu, akazikunja nguo za watoto moja moja na kumrudishia Mwanaheri mkononi. Alitaka kumshika bega, akakumbuka, akaurudisha mkono. "Mimi nimelea kumi na mmoja," akasema kwa sauti ndogo kuliko zote za maisha yake, "na hakuna hata mmoja ambaye angemtoa papa mdomoni mwa mwenzake. Wangegombania." Akachukua mwavuli na kapu tupu, akamwuliza Mwanaheri kwa unyenyekevu kama na kutoka kuna utaratibu wake. Akaambiwa kutoka ni kawaida tu. Akaonekana kama mtu aliyepunguziwa kifungo.

Kesho yake, jua lilipochomoza, Kaimu alikuwa barazani na mchi mkononi. Yaliyosemwa na wasichana waliokwenda kisimani hayafai kuandikwa kwa mtu anayetaka kukumbukwa kwa heshima. Mwanaheri alisimama pembeni, akachota unga kiganjani, akautazama kwa makini, akaurudisha kinuni.

"Bado una chenga."

"Dada, mikono imetoka malengelenge."

"Una chenga."

Mambo yangeishia hapo, na Kaimu angeteseka peke yake kama shujaa. Lakini mpita njia wa kwanza aliuliza, na Fatu akamweleza. Kabla ya adhuhuri walianza kufika akina mama, mmoja mmoja, wanawake wa Nandagala wenye watoto kumbini, wakiingia ua ule kinyumenyume bila kuambiwa mara mbili. Walikuwa hawajawahi kumtembelea Mwanaheri. Sasa walisimama mbele yake na kumwuliza kama jambo hili ni kwa nyumba yake tu au kwa nyumba zote.

Mwanaheri alitazama mabega yao, akafikiri.

"Saadi alisema kaka wa aliye kumbini. Hakusema wa nyumba gani."

Walimshukuru sana.

Ilipofika Ijumaa, asubuhi, kabla ya sala, Nandagala yote ilikuwa ikitwanga. Baraza baada ya baraza, kuanzia mtoni mpaka msikitini, vijana wakubwa wenye misuli na sharubu zinazochipua walishika michi mbele ya njia, na mama zao wameketi pembeni wamenyoosha miguu, wengine wakisukana nywele. Mwanaheri alijitia sufi masikioni, akakaa kupepeta ufuta wake, na mara kwa mara mwanamke mmoja alitumwa kumletea kiganja cha unga, ili aseme kama unafaa.

Vijana wale walitwanga tu, na kila mchi ulipopanda waligeuza macho kuelekea baraza moja, macho ya watu wenye subira, wanaojua kwamba ugomvi ni mwiko mpaka wadogo zao watoke, na kwamba wakishatoka si mwiko tena.

Kaimu naye alitwanga, akimwomba Mungu kwa moyo safi kabisa kwamba mwaka ule wale wadogo wakae kumbini mpaka shule zifunguliwe.